Tumba za faiba na hali ya hewa: kisa cha bendi ya pwani inayopanda bara

Majina ya bendi, hoteli na wahusika nimeyatoa, na baadhi ya vitu vidogovidogo nimevibadilisha ili wasijulikane. Mimi kwenye hiki kisa nilikuwa fundi mitambo wao, nawafungia maiki na spika, kwa hiyo mengi nimeyaona kwa macho na mengine nimesimuliwa na wao wenyewe.

Hali ilivyokuwa

Bendi ni ya dansi, watu tisa. Kazi yao ya mkate ni hoteli moja ya ufukweni, jukwaa limeezekwa makuti, halina ukuta hata mmoja, na upepo wa chumvi unapita katikati ya vyombo kuanzia jioni mpaka wanapofunga. Nje ya hapo wanapata harusi na sherehe za maofisi huko bara, zaidi Dodoma, mara mojamoja Arusha. Ndio kusema wiki hii tumba (zile ngoma ndefu za kupiga kwa viganja, wengine huziita konga) ziko usawa wa bahari kwenye unyevu wa masika, wiki ijayo ziko Dodoma, kama mita 1,100 juu ya bahari, ambako kuanzia Mei mpaka karibu na Desemba mvua ni ya kusimuliwa tu, au Arusha kwenye mita 1,400 na Julai watu wamevaa makoti.

Tumba walizokuwa nazo ni pea moja ya mbao, za kiwandani, walinunua mtumba kwa mwanamuziki mgeni aliyemaliza mkataba akaona kuzirudisha kwao ni gharama. Ndogo ina mdomo wa inchi 11 na robo tatu, kubwa inchi 12 na nusu, zote ngozi ya ng'ombe. Saundi tamu, sitaki kudanganya, zile tumba zikikaa sawa hata mpiga gitaa la solo alikuwa anapunguza kelele ili azisikie.

Anayezipiga ni mzee wa bendi, mtu mzima kwelikweli, alianza enzi ngoma inachongwa kwenye gogo, ngozi inawambwa kwa vigingi, ikilegea unaipeleka motoni. Kiongozi wa bendi ni kijana, anamwita mzee wangu, na kwenye mambo ya tumba alikuwa hakati shauri bila yeye. Hili linahusika huko mbele.

Yaliyotokea, moja baada ya jingine

Masika ndio ilianza kuwasumbua. Saa kumi na moja jioni mzee anakaza, saa tatu usiku tumba kubwa imeshuka, kofi, ule mlio mkali wa kiganja, halitoki tena, kinatoka kitu kama mtu anapiga godoro. Anakaza tena katikati ya shoo na spana mkononi wakati wenzake wanaimba. Sababu yake si siri, ngozi mbichi ya mnyama inanyonya maji ya hewani, inavimba na kulegea, na kule hotelini usiku wa Aprili hewa ni kama unaogelea. Kila akikaza anaongeza mzigo kwenye ngozi ambayo imelegea kwa sababu ya maji na wala haijachoka, na hapo ndipo mtego ulipo, maana yale maji yakitoka, ule mkazo wote alioongeza unabaki palepale.

Maji yalitoka Dodoma, Septemba. Walimaliza hoteli usiku wa Alhamisi, hakuna aliyelegeza nati, alfajiri wakapakia kwenye Hiesi, tumba zikafungwa juu ya karia bila turubai kwa sababu ndani walijaza spika. Kilomita kama 450 za jua. Walipofika ndogo ilikuwa imepanda sauti mpaka ikigongwa kwa kidole inalia kengele. Mzee akasema ilegezwe kwanza, ila ukumbini watu walikuwa wanakimbizana na muda, ikawekwa jukwaani vilevile chini ya taa. Ngozi ikapasuka kwenye wimbo wa pili, pembeni kabisa pale inapopinda juu ya mdomo.

Hilo la ngozi walilitegemea kidogo. Ambalo hawakulitegemea ni tumba kubwa. Asubuhi yake mzee aliigeuza akaona mwanga unapita, mbao mbili zimeachana kuanzia chini mpaka karibu na tumbo. Tumba ya mbao ya kiwandani haichongwi kwenye gogo, inaungwa kwa vipande virefu vilivyogundishwa ubavu kwa ubavu kama pipa, na mbao ikizoea unyevu wa pwani halafu ukaipeleka kavu kwa ghafla inasinyaa, ikishasinyaa pale penye gundi dhaifu panaachia. Shoo ya usiku wa pili walipiga na bongo tu, zile ngoma ndogo pacha. Mteja alilipa pungufu, na haki yake.

Uamuzi

Waliporudi walikaa kikao, nikaitwa. Mezani kulikuwa na njia nne. Kutengeneza za zamani kwa gundi ya epoksi na ngozi mpya. Kununua nyingine za mbao. Kununua za faiba, yaani za nyuzi za kioo na rezini. Au kumpa fundi wa boti za faiba pale ufukweni atengeneze tumba kwa kutumia ile ya zamani kupata kalibu, yaani umbo la kumwagia. Hii ya mwisho ilitoka kwa mpiga ngoma za miguu, watu wakacheka, mimi sikucheka, nitaieleza mwishoni.

Mzee alikuwa na wasiwasi na faiba. "Mwanangu, mnataka nipige ndoo?" Kiongozi akamwambia hapana mzee wangu, hebu tuzisikie kwanza. Hapo nikachangia kwamba faiba si kitu cha juzi. Tumba zenyewe chimbuko lake Kuba, kule zamani walikuwa wanazipasha moto kama sisi, vyuma vya kukazia kwa nati vilikuja katikati ya karne iliyopita, na Patato Valdés wa Havana ni mmoja wa wanaotajwa sana kwenye mabadiliko hayo. Marekani walipoifungia Kuba biashara mwaka 1962 vyombo vikakatika, na mwaka 1964 Martin Cohen akaanzisha kampuni ya Latin Percussion kule New York kuziba hilo pengo. Baadaye tumba walizozitoa kwa jina la huyohuyo Patato zilikuwa za faiba. Mzee alilijua jina la Patato. Alinyamaza kidogo akasema basi zije tuzione.

Mbao mpya ziliondolewa mapema kwa sababu tatizo lingebaki lilelile. Kutengeneza za zamani walikubali lakini zibaki za studio, zisipande gari tena. Faiba ikashinda kwa hoja mbili. Ya kwanza, ganda la nyuzi za kioo na rezini halivimbi wala halisinyai kwa unyevu kwa kiasi cha kukuumiza kichwa, halina viungo vya kuachia, na mdomo wake unabaki duara. Ya pili ni sauti. Faiba inatoa mlio mkali na wa wazi zaidi ya mbao, unapasua, na kwenye bendi yenye magitaa matatu na tarumbeta tumba inahitaji kupasua. Bei ya faiba na ya mbao za daraja moja haikupishana sana, kilichouma ni usafiri na ushuru, ndio maana wakaamua mtumba.

Mtumba walioupata ulikuwa jijini, pea ya faiba nyeusi, nikatumwa na mzee kuzikagua. Tulichofanya ni hiki, na mpaka leo nafanya hivihivi. Tuling'oa ngozi, muuzaji alinuna ila tuling'oa. Tukamulika tochi ndani, tunatafuta madoa meupemeupe, maana faiba iliyopigwa ikavunjika nyuzi kwa ndani inageuka weupe hata kama nje rangi inang'aa. Tukagonga kwa kifundo cha kidole kuzunguka ganda lote, panapolia bubu pana tatizo, tabaka zimeachana. Tukapima mdomo kwa futi pande nne tofauti kuona kama ni duara. Tukaupindua mdomo juu ya meza ya kioo na tochi ikiwa ndani kuangalia mwanga unapenya wapi. Tukaangalia vile vibati vya pembeni vinavyoshika ndoano (vyuma vyenye nati vinavyovuta ngozi chini), hasa kwa ndani, maana mkazo wote wa ngozi unaishia pale na ndipo faiba ya bei rahisi inapochanika. Moja ilikuwa na ufa mdogo chini kwenye mguu, tukapunguziwa bei. Kuhusu uzito, wanaodhani faiba ni nyepesi wakazibebe, mzito ni chuma na chuma ni kilekile.

Kosa la msimu wa kwanza

Zile tumba zilikuja na ngozi za ng'ombe, nzuri, nene. Kiongozi alimtangazia kila mtu kwamba sasa wana tumba za hali zote za hewa. Vuli ikaingia, Novemba, mzee akarudi kwenye spana yake katikati ya shoo kama kawaida. Kiongozi akampigia muuzaji simu kwa hasira, muuzaji akamjibu kitu cha kweli kabisa, kwamba yeye ameuza faiba, ngozi ni ng'ombe.

Hapa ndipo pa kukaa kidogo. Watu wanaposema tumba ya faiba inavumilia hali ya hewa wanaongelea ganda peke yake, na ganda linaathirika taratibu kuliko ngozi. Ngozi inabadilika ndani ya saa moja, mbao inabadilika kwa wiki na miezi, chuma kinaliwa kwa mwaka. Bendi ilikuwa imetibu lile la wiki na miezi wakidhani wametibu la saa moja. Faiba iliwaokoa na jambo la Dodoma la ganda kupasuka, ila lile la hotelini la kila usiku halikuguswa hata kidogo, na ndilo lililokuwa linawasumbua usiku nne kwa wiki.

Wakaagiza ngozi za kutengenezwa kiwandani, zile za plastiki zilizotengenezwa zifanane na ngozi. Za kwanza hazikukaa. Waliagiza kwa kutaja inchi tu, na inchi za tumba ni kama saizi za viatu, kila kiwanda kina 11 na robo tatu yake, pete inayoshika ngozi kwa chini inatofautiana unene na ule mkunjo unashuka kwa urefu tofauti. Moja ilikaa juu mno mpaka ringi, ile duara ya chuma inayobana ngozi kwa juu, ikawa inapita usawa wa mdomo na kugonga mkono, nyingine haikuingia kabisa. Za pili wakapima pete ya zamani kipenyo cha ndani na cha nje, wakataja na aina ya tumba, zikakaa.

Sauti sasa. Faiba ni kali, plastiki ni kali, ukiziweka pamoja unapata kofi linalotoboa masikio na besi iliyokonda. Usiku wa kwanza spika za jukwaani zilianza kupiga filimbi nikashusha ile sauti ya juu kwenye mikisa mpaka nikaona haya. Mzee alilalamika pia viganja vinamuwaka, plastiki haina ule ulaini. Kiongozi alitaka kurudisha ng'ombe zote. Mzee ndiye aliyekuja na suluhu, na mimi naona ni uamuzi bora kuliko yote kwenye kisa hiki: kubwa iwe plastiki, ndogo iwe ng'ombe. Hoja yake ni kwamba kubwa inakazwa kidogo, kwa hiyo ikinyonya unyevu kidogo tu inakufa kabisa, lakini ndogo iko juu sana, ikishuka nusu sauti bado inaongea na unaweza kuirudisha kwa robo mzunguko wa nati. Halafu kofi na vionjo vinatoka kwenye ndogo, na pale ndipo anapotaka ngozi ya kweli chini ya kiganja.

Alichoongeza ni nidhamu ya nati. Baada ya kila shoo ndogo inalegezwa, nati zote kwa idadi ileile ya mizunguko, akizunguka, ili ringi isipande upande. Kubwa inaachwa. Na kwenye safari hakuna tumba juu ya karia bila mfuko na turubai, spika zikikosa nafasi zinaenda na gari jingine.

Matokeo

Misimu miwili imepita hivyo. Dodoma wamekwenda mara kadhaa kiangazi, hakuna ganda lililofunguka wala ngozi iliyopasuka. Arusha kwenye baridi na manyunyu ya Julai kubwa haikutetereka, ndogo ilihitaji kukazwa mara moja kabla ya kuanza. Hotelini mzee hashiki spana tena katikati ya wimbo, labda usiku wa masika yenyewe hasa. Jua kali kwenye shoo ya mchana uwanjani lilionyesha kitu ambacho wengi hawakitegemei, ngozi ya ng'ombe inapanda inapokauka lakini plastiki ikipata moto inalegea kidogo, kwa hiyo tumba mbili za pea moja zilikwenda njia tofauti, moja juu moja chini. Dawa ikawa mwamvuli tu.

Kutu ndiyo iliyowashinda. Ndani ya mwaka mmoja wa upepo wa bahari ringi ya ndogo ilianza kutoa vipele chini ya ile rangi ya kung'aa, na ndoano mbili zikagoma kabisa kuzunguka. Ile ngozi mbichi inashikilia unyevu palepale inapokutana na pete ya chuma, kwa hiyo kutu inaanzia mahali usipopaona. Wakaanza kung'oa kila baada ya miezi michache, kufuta kwa kitambaa kikavu, grisi kidogo kwenye meno ya nati, na baada ya kila shoo ya hotelini kupangusa chuma chote kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi halafu kikavu. Ndoano mpya wakachongesha za stenlesi kwa fundi wa karakana. Hazing'ai vizuri ila hazijagoma.

Na ule ufa wa mguuni ulikua. Tumba iliangushwa kwenye ngazi za ukumbi, ufa ukapanda kiganja kizima. Mbao ikiangushwa inabonyea, faiba haibonyei, inapasuka, na kona ya chini ndiyo inayopokea kila pigo la kutua sakafuni.

Nilivyouchambua

Uamuzi wa kununua faiba ulikuwa sahihi, ila walioufanya walikuwa na sababu pungufu. Swali ambalo halikuulizwa kwenye kile kikao, hata mimi sikusikia mtu akiliuliza, ni tumba inaharibikia wapi hasa na kwa kasi gani. Kama wangeorodhesha usiku kumi wa matatizo wangeona tisa ni ngozi, na kwamba kubadilisha ngozi ya tumba kubwa peke yake kungewapa nafuu ya haraka kwa pesa ndogo, hata kwenye zile za mbao, wakati wakitafuta faiba kwa utulivu. Bendi inayokaa pwani tu, isiyopanda bara, mimi nisingeishauri ikimbilie faiba kabisa. Mbao iliyozoea unyevu mmoja inakaa miaka. Kinachoiua ni kupanda na kushuka.

Kukagua mtumba kwa kung'oa ngozi kulilipa mara mbili, kwenye bei na kwenye kujua ufa uko wapi. Kushindwa kuuziba ule ufa wiki ileile ya kununua ni uzembe wa kawaida wa bendi, kila mtu anajua na hakuna anayefanya.

Na suala la mzee. Kiongozi angeweza kuamua kila kitu kwa kuangalia mtandaoni, vijana wengi wanafanya hivyo. Kwa sababu alikuwa anamsikiliza mtu ambaye mkono wake ndio unagusa ngozi, akapata jibu la kuchanganya ambalo kwenye katalogi hulikuti, kule wanauza pea inayofanana. Upande wa pili, heshima hiyohiyo iliwachelewesha, maana Dodoma mzee alisema ilegezwe na hakuna aliyekuwa na jukumu la kusimamisha kazi na kulegeza. Neno la mzee lilisikika, halikutekelezwa. Sasa hivi kuna kijana mmoja ambaye kazi yake kabla ya kitu chochote hakijapakiwa ni ile spana.

Lile wazo la fundi boti

Walilijaribu, baada ya tumba kupasuka mguu. Fundi alichukua ile kubwa ya mbao, akaipaka nta, akatoa kalibu vipande viwili kwa sababu tumba ina tumbo na kalibu ya kipande kimoja haitoki. Akaweka mati (vitambaa vya nyuzi za kioo), rezini na hadina ya kuikausha, kila nusu ya tumba peke yake, kisha akaunga. Ikatoka ngumu, ungeweza kuvulia samaki humo. Mlio bubu. Fundi wa boti amezoea kuongeza mati penye wasiwasi, na boti haimwadhibu kwa hilo, ila ganda la tumba likiwa nene huku jembamba kule linameza sauti, na mdomo wake haukuwa duara, ulipishana karibu nusu sentimita. Angeweza kuupiga msasa ukalala sawa, uduara hauji kwa msasa.

Lakini ule mguu uliopasuka aliutengeneza vizuri ajabu. Alisaga ufa kwa ndani mpaka akafika kwenye nyuzi nzima, akaweka mati tabaka jembambajembamba kwa ndani tu, nje akarudishia jelkoti nyeusi (ile rangi ngumu ya juu ya faiba) na kuzungusha ukanda wa mpira wa tairi chini. Tumba imeangushwa tena tangu hapo na haijafanya kitu. Kalibu ameitunza, anasema akipata mtu wa kumtengenezea ringi ya chuma ya kubania mdomo wakati rezini inakauka atajaribu tena, na kiongozi ameshamwahidi pesa ya rezini.